Seti ya Mavazi ya Bibi Harusi wa Roma ya Kale: Kanzu Nzuri, Shela Lisilo Lake

Seti hii, niliyoiagiza mtandaoni kwa ajili ya onyesho la somo la historia kutoka karakana inayotengeneza nakala za mavazi ya kale, ina kanzu, mshipi, wavu wa nywele na shela. Kilichonivutia zaidi ni kanzu. Ni ya sufu iliyofumwa kwa mkono, imeshikana vizuri, nayo imeshonwa ubavuni tu. Fundi ameielewa tunica recta, kanzu ambayo Warumi waliifuma katika mtambo wa wima, mfumaji akiwa amesimama, na ambayo binti aliivaa pamoja na wavu wa manjano alipokwenda kulala usiku wa kuamkia harusi, kwa kutafuta ndege njema.

Mshipi nao ni wa sufu ya kondoo, na unafungwa kwa fundo la Hercules, yaani vitanzi viwili vilivyopitana ambavyo hukaza kila ncha zinapovutwa. Bwana harusi ndiye aliyelifungua, akiomba heri ya uzazi kama ya Hercules, shujaa wa hekaya za kale, anayesimuliwa kuwa aliacha watoto 70. Nilihofia kukuta kulabu iliyofichwa nyuma, lakini fundo ni la kweli na inakubidi ujifunze kulifunga.

Shela ndilo lililoniudhi. Limekuja jeupe, lina lesi pembeni, na kijitabu kinadai kuwa ndivyo walivyovaa maharusi “tangu enzi za kale”. Flammeum, shela la bibi harusi wa Kirumi, lilikuwa la manjano iliyokolea kama kiini cha yai, rangi ambayo Plinius, mwandishi wa Kirumi, anaandika kuwa iliheshimiwa tangu zamani na kuachiwa wanawake kwa mashela ya harusi. Weupe na lesi ni mtindo ulioenea baada ya harusi ya Malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1840. Kwa kuwa shela ndilo hasa lililomtambulisha bibi harusi, kosa hili si dogo.

Kuhusu nywele, kijitabu kinataja kwa ufupi mafungu sita yaliyotenganishwa kwa ncha ya mkuki. Mkuki wenyewe, kwa busara, haukutumwa.

Karakana inauza pia kipande kimoja kimoja. Nunueni kanzu, mshipi na wavu, kisha tafuteni kitambaa chepesi cha sufu mkitie rangi ya manjano wenyewe.