Shindano la kuvua bass Lake Fork, Texas: nililipa dola 150, sirudi kwa waandaaji hawa

Wakenya na Watanzania wenzangu wa huku Dallas na Fort Worth wameanza kuulizia mashindano ya kuvua samaki wa bass, hasa wakiona matangazo ya zawadi za pesa taslimu. Nimeshiriki moja mapema mwezi wa Machi pale Lake Fork. Waandaaji siwataji. Texas Mashariki ina vikundi vingi vya aina hii, na maswali nitakayoyaibua hapa yanafaa kuulizwa kikundi chochote kabla hujatoa kadi ya benki.

Natoa nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya ziwa lenyewe. Ya pili ni ya vijana waliokuwa wakisaidia watu kushusha boti gizani, baridi ikiwakata vidole, na bado wanamwambia kila mtu habari ya asubuhi.

Nianze na hali ya hewa, maana ndiyo kila mtu aliisingizia. Wiki nzima kabla ya hapo kulikuwa na joto, watu wanatembea na kaptura, miti ya redbud imeshatoa maua yake ya waridi kando ya barabara. Kwa bass huo ndio wakati wa kutoka kilindini na kusogea kwenye maji ya kina kifupi kujiandaa kutaga. Maji yakifika karibu nyuzi 60 za Fahrenheit, yaani kama 15 za Selsiasi, jike mwenye mayai hula kila kinachopita. Kisha usiku wa kuamkia shindano upepo ukageuka ukaanza kuvuma kutoka kaskazini. Asubuhi barafu ilikuwa inaganda kwenye vile vitundu vya ufito unapopita mshipi, unarusha mara mbili tatu, unasimama kuibandua kwa kucha. Jua likatoka kali, anga haina hata wingu moja. Picha ilikuwa nzuri sana. Kwa uvuvi ni balaa: baada ya baridi ya namna hiyo samaki hujibana kwenye visiki, mdomo anaufunga, na chambo unampitishia puani anakitazama tu.

Hilo siwalaumu nalo. Mwenye kuingia Fork mwezi wa Machi anajua anacheza kamari na upepo, na anakubali kwa sababu ya ukubwa wa samaki wa pale. Ziwa lilipokuwa likitengenezwa miaka ya mwisho ya 1970, jimbo lilipandikiza bass wa jamii ya Florida hata kabla bwawa halijafungwa, na misitu mingi ikaachwa imesimama ndani ya maji. Rekodi ya Texas, pauni 18.18, ilitoka hapo Januari 1992 na mpaka leo haijavunjwa. Ukipita na boti unaona miti mikavu imetokeza kila upande, na ile isiyotokeza ndiyo inayokula propela za watu.

Tatizo langu linaanzia kwenye zawadi. Tangazo liliandika kwa herufi kubwa dola 500 kwa samaki mzito kuliko wote wa kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Kwenye karatasi ya kanuni, ukurasa wa mwisho, kuna mstari unaosema kiasi kitategemea idadi ya boti zilizoandikishwa. Baridi iliwafukuza wengi, kwa hiyo mshindi wa saa alikuwa anaondoka na dola 200. Ada yetu haikupungua hata senti, na walioghairi kwa sababu ya upepo hawakurudishiwa chochote. Biashara ni biashara, lakini mstari kama ule mahali pake ni kwenye tangazo, chini ya ile 500.

Halafu kuna suala la inchi, ambalo mgeni wa Fork lazima alielewe. Sheria ya ziwa hili hairuhusu kubaki na bass mwenye urefu wa kati ya inchi 16 na 24. Ukimvua, unamwachia hapo hapo, hata kama ni shindano. Maana yake ni kwamba samaki wazuri wa pauni tatu mpaka saba, wale ambao kwingine wangekupa ushindi, hapa huwezi kuwapeleka kwenye mizani. Shindano linabaki kati ya wadogo wa chini ya inchi 16 na majitu ya zaidi ya 24. Kwa siku ngumu kama ile, takriban saa zote ziliamuliwa na samaki wa inchi 15 na kitu, na tofauti ya mshindi na aliyeshindwa ilikuwa ni wakia chache. Tulishika mmoja wa inchi 19 karibu na daraja la barabara ya 154, mnene, tumbo limejaa mayai. Picha, kisha majini. Mwenzangu, mtu wa Mwanza aliyekulia kwenye sangara, alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, tumelipa dola mia na hamsini ili tutafute mdogo?"

Ndiyo, tumelipa. Mkutano wa washiriki uliofanywa jioni ya kuamkia shindano haukueleza hili kwa zaidi ya nusu dakika. Nilimwona baba mmoja na mwanawe wakifika kwenye mizani na samaki wa inchi 17 ndani ya tangi la boti. Walifutwa palepale, na wakaambiwa wana bahati hakuna askari wa wanyamapori karibu. Mtoto analia. Sheria ni sheria, lakini hata ubao wenye michoro pale mlangoni ungewaokoa.

Sasa foleni, ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike. Kama saa tatu kasorobo hivi mwenzangu alivua mmoja kwenye ghuba ndogo, kwa jigi (chambo bandia chenye uzito) nyeusi na buluu aliyokuwa akiiburuta polepole kando ya kisiki. Tukamlaza kwenye ubao wa kupimia, mdomo umefungwa, mkia umebanwa kama sheria inavyotaka: inchi 15 na robo tatu. Safi kabisa. Tukakimbiza boti kwenye maji ya wazi, mawimbi yanatupiga usoni, tukaingia kwenye foleni ya mizani kabla ya saa tatu kugonga. Mizani ilikuwa moja. Moja tu, kwa shindano zima! Karani ni mmoja, anaandika kwa kalamu, na vidole vyake vimekufa ganzi.

Kanuni yao wenyewe inasema anayehesabiwa ni aliyekwisha kuingia kwenye foleni kabla ya saa kwisha. Zamu yetu ilipofika, saa tatu imepita. Msimamizi akasema samaki anahesabiwa anapogusa mizani. Nikamwonyesha karatasi. Akasema hiyo ni ya mwaka jana, ingawa tulipewa jana jioni na yeye mwenyewe. Samaki wetu alikuwa pauni 2.6. Aliyeshinda saa ile iliyokwisha alikuwa na 2.4. Sisi tukasukumwa kwenye saa iliyofuata, na katika saa hiyo bwana mmoja akaleta jitu la pauni tisa, la kwanza na la mwisho siku ile. Nilimpigia makofi, alistahili. Sisi tukaenda kunywa kahawa.

Wakati huo wote samaki wako ndani ya mifuko ya plastiki, maji yakiwa kidogo, hewa hakuna. Baada ya kupimwa wanamiminwa kwenye beseni kubwa ambalo pampu yake haikuwa imewashwa. Mchana niliona kadhaa wakielea pembeni ya gati tumbo juu. Hapa ndipo nilipokasirika kweli. Mimi ni mtu wa Naivasha, na bass kama hawa waliletwa ziwani kwetu kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa starehe. Kwetu ukimvua anakwenda sufuriani kwa heshima zote. Kumwua jike mwenye mayai kwa sababu umesahau kuwasha pampu, halafu kwenye spika unatangaza kwamba unahifadhi ziwa, huo ni mzaha.

Kuna walionung'unikia sona za kisasa zinazomwonyesha samaki moja kwa moja mbele ya boti. Mimi sina kinyongo nazo. Siku ile wenye sona waliwaona samaki vizuri sana na hawakuwavua pia.

Niliwaandikia barua pepe na picha ya ukurasa wa kanuni. Jibu lilikuja baada ya kuwakumbusha: pole kwa usumbufu, uamuzi wa msimamizi ni wa mwisho, na hii hapa kuponi ya punguzo la asilimia kumi kwa shindano la vuli. Kuhusu samaki waliokufa hawakusema neno.

Ukitaka Fork ya Machi, leseni ya kuvua kwenye maji yasiyo na chumvi kwa mkazi wa Texas ni dola 30. Lala Quitman au Emory, nenda siku ya kazi wakati gati halina watu, na upepo wa kaskazini ukianza, ahirisha mpaka hewa itulie siku mbili tatu. Ukishikilia kuingia shindanoni, waulize kwa maandishi: mizani ni mingapi, saa inahesabiwa kwenye foleni au kwenye mizani, na zawadi ni kiasi gani boti zikiwa chache. Wasipojibu hayo matatu, usilipe.