Vichezeo vya mkononi kwa vidole visivyotulia: kipi ununue kwanza

Kabla hujatoa hela, angalia vidole vyako vinafanya nini ukiwa umesahau kuviangalia. Mimi nilikuwa mtu wa kalamu. Naibofya, naiachia, naibofya tena, kwenye kikao, kwenye simu, mpaka mwenzangu wa meza ya pili ananiomba kwa upole niiweke chini. Mpwa wangu wa miaka tisa, mwenye usonji, yeye ni swichi za taa. Mama yake huchuna ngozi ya pembeni mwa kucha hadi inatoa damu. Sote watatu tunafanya jambo lile lile: tunarudia mwendo mdogo ili mwili utulie na kichwa kipate nafasi ya kusikiliza. Wenye usonji na wenye ADHD (hali inayofanya kutulia na kuzingatia kuwa kugumu) wengi wanalihitaji sana, na si utundu wala ukosefu wa adabu.

Nimenunua vichezeo vinne Kariakoo, hakuna kilichozidi shilingi 10,000, na kila kimoja nimekaa nacho mfukoni siku kadhaa. Nimevipanga kwa jinsi vilivyonifaa.

Cha kwanza: mchemraba wa pande sita

Kama hujui vidole vyako vinapenda nini, anza na huu. Unafichika ndani ya ngumi, na kila upande una kazi yake. Upande mmoja una vitufe vitano, mwingine swichi, mwingine kijiti cha kusukumasukuma kama cha padi ya gemu. Kuna kisahani cha kuzungusha, kuna magurudumu matatu yenye meno pamoja na golori ndogo ya chuma, na kuna upande usio na chochote ila kibonde laini cha kupitishia dole gumba.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 2016 kampuni ya Antsy Labs iliomba watu wauchangie kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za bidhaa mpya. Walitaka dola 15,000, wakapata zaidi ya milioni 6. Nakala za bei rahisi zikaingia sokoni hata kabla ya wachangiaji wengi kupokea mzigo wao, na mingi unayoiona kwenye meza za wamachinga ni nakala hizo. Nakala si lazima iwe mbaya, ila ipime kabla ya kulipa. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi: nauweka karibu na sikio na kubofya vitufe vyote. Kwenye muundo wa asili vitatu vinalia na viwili viko kimya. Kwenye wa kwanza niliopewa vyote vilikuwa vinapiga kelele, na mtu wa ofisini hawezi kutumia kitu hicho. Halafu nakivuta kijiti kwa kucha. Kikicheza kwenye shina, kitang'oka ndani ya wiki, na kipande hicho kinatosha kumkaba mtoto mdogo. Mwisho napitisha kidole kwenye kingo zote, kwa sababu plastiki iliyomwagwa vibaya huacha mshono unaokwaruza. Muuzaji akikataa usifungue pakiti, nenda meza ya pili.

Nilichojifunza baada ya siku tatu ni kwamba vitufe, nilivyodhani ndivyo nitakavyovipenda, nilivigusa kidogo tu. Kibonde ndicho kilichonishika. Dole gumba linaingia, linazunguka, linatoka, hakuna sauti, na ninaweza kumtazama mtu usoni akiwa anazungumza. Sasa hivi kile kibonde kimeng'aa kuliko pande nyingine zote. Mpwa wangu, bila kuambiwa, alikwenda moja kwa moja kwenye swichi.

Cha pili: nyoka wa viungo

Ni vipande vya plastiki vilivyopinda, vimeungana kuwa duara, na kila kimoja kinazunguka kwenye mwenzake. Kimya kabisa. Kinafaa sana kwa wanaochuna kucha na ngozi kwa sababu kinashughulisha mikono yote miwili. Dada yangu ndiye aliyekichukua na hajakirudisha. Kasoro yake ni kwamba viungo vya bei nafuu hulegea na kuachana. Vinarudishika kwa kubana, lakini kwenye daladala kipande kikianguka ndiyo basi.

Cha tatu: popiti

Ile sahani ya silikoni yenye vipovu iliyotapakaa kila mahali mwaka 2021. Inaoshwa kwa maji na sabuni, haivunjiki, na kwa mtoto anayeanza nadhani hakuna kilicho salama zaidi. Ila vipovu vina mlio, na kubwa haiingii mfukoni. Tafuta ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo.

Cha nne: spina

Ile ya mabawa matatu inayozungushwa kwenye kidole. Hii sikushauri. Inazunguka vizuri na beringi yake inasisimua kidole, lakini inaita macho, yako na ya jirani, na kwa mwanafunzi hilo linaua kusudi zima. Ndiyo maana mwaka 2017 shule nyingi za Marekani na Uingereza ziliipiga marufuku. Zenye taa zina jambo zito zaidi: ndani mna betri ndogo bapa, za mviringo kama vidonge. Mtoto akiimeza moja, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Nyumba yenye mtoto mchanga isiwe nayo.

Neno kwa wazazi. Usinunue kichezeo ili mtoto aache kupunga mikono au kuyumba. Mpwa wangu akifurahi anapunga mikono yote miwili, na kuna mwalimu mmoja aliyewahi kumshikia mikono chini. Alilia hadi saa ya kutoka. Mchemraba ni wa kumsaidia kukaa darasani. Mikono yake ni yake.

Kwa mwenye kutafuna kola, kalamu au kamba za sweta, vyote vinne havimfai, maana hakuna kilichotengenezwa kwa ajili ya meno. Muulizie mkufu wa silikoni wa kutafuna, na hakikisha kifungo chake cha nyuma kinafunguka chenyewe kikivutwa. Kivute dukani mbele ya muuzaji. Kisipofunguka, usimvishe mtoto.