Neema Crafts ya Iringa: duka, mgahawa na huduma ya Kanisa chini ya paa moja

Nimekuwa katibu wa kamati ya misioni na uinjilisti ya mtaa wetu wa kanisa kwa miaka sita, na katika muda huo wote huduma yetu kwa watu wenye ulemavu haijabadilika: wiki moja kabla ya Krismasi tunakusanya sukari, mchele, sabuni na nguo, tunavipeleka kwa familia tulizoziorodhesha, tunaomba pamoja nazo, tunapiga picha na kurudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kutulalamikia. Hata hivyo, majina katika orodha ni yaleyale kila mwaka, na jambo hilo limekuwa likinikosesha amani. Kwa hiyo nilipopata safari ya Iringa niliamua kufikia Neema Crafts, kituo cha Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, nilale katika nyumba yake ya wageni, nile katika mgahawa wake, ninunue dukani mwake, kisha niandike nilichokiona kama mteja na kama mtu anayetafuta namna bora ya kufanya kazi ileile.

Kituo kilianza mwaka 2003, wakati Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, alipoanza kuwafundisha vijana watatu viziwi kutengeneza karatasi kwa mikono. Kutoka kwa vijana hao watatu ilikua karakana ya ufumaji, ya ushonaji, ya kuchapa vitambaa na ya kutengeneza shanga kwa vioo vya chupa zilizotupwa, na idadi ya watu wenye ulemavu waliopata kazi au mafunzo hapo imepita 100. Pamoja na karakana hizo ipo huduma ya tiba ya viungo kwa watoto, ambayo mteja wa duka anaweza kuondoka bila kujua kwamba ipo, ingawa kwa mzazi wa mtoto asiyeweza kukaa wala kusimama pengine ndiyo yenye thamani kuliko yote yanayouzwa rafuni.

Nianze na karatasi, kwa sababu ndiyo iliyonishangaza. Malighafi yake mojawapo ni kinyesi cha tembo. Tembo hula majani, magome na matawi kwa wingi mno, lakini tumbo lake humeng'enya chini ya nusu ya chakula hicho, kwa hiyo kinachotoka kimejaa nyuzinyuzi ambazo mtengeneza karatasi mwingine angelazimika kuzitafuta kwa kuponda mimea. Kinyesi huoshwa, huchemshwa kwa muda mrefu, hupondwa mpaka kiwe rojo, kisha rojo hiyo hutandazwa juu ya fremu yenye wavu, ikakamuliwa maji na kuanikwa. Karatasi inayopatikana haina harufu yoyote. Ni nzito kidogo, ina mabaka ya rangi ya majani makavu, na wino wa kalamu hautapakai juu yake. Nilinunua kadi kumi na daftari moja. Anayelinganisha bei yake na ya kadi zilizochapwa kiwandani ataona tofauti kubwa, na mimi pia niliiona. Lakini aliyesimama dakika chache karakanani akatazama karatasi moja inavyopita mikononi mwa watu kabla ya kuwa kadi hawezi kusema kwamba amepunjwa.

Vitambaa vilivyofumwa kwa mitambo ya mkono vimekazwa vizuri, pindo zake zimenyooka, na mshono wa mifuko niliyoikagua kwa ndani ulikuwa safi kama wa nje. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewahi kununua vitu katika maduka ya misaada ambavyo ilinibidi nivifiche kabatini nilipofika nyumbani: kikapu kilichofumuka, kitambaa kilichochuja rangi kikachafua na nguo nyingine. Tulivinunua kwa huruma, na fundi aliyevitengeneza hakuambiwa na yeyote kwamba kazi yake haijafika. Kumnyima fundi ukweli huo ni kumdharau, hata kama tunaiita sadaka. Mfuko wa Neema ningeununua hata kama ningeukuta Kariakoo bila maelezo yoyote kuhusu aliyeushona.

Mgahawani wahudumu ni viziwi. Mteja huandika anachotaka kwenye karatasi, na anayependa kujaribu hutumia ishara. Siku ya kwanza niliandika kila kitu, hata asante. Siku ya pili mhudumu mmoja alinionyesha ishara ya chai, akanirekebisha vidole mara mbili mpaka nilipoipata, na siku ya tatu niliagiza chai bila kalamu. Chai ilikuwa ya moto na keki ilikuwa laini, lakini sitaacha kuitaja hali ile ya kuwa mimi ndiye niliyekosa lugha na yeye ndiye aliyenivumilia. Katika ibada zetu kiziwi huketi saa mbili bila kuambulia neno, nasi husema amekaribishwa.

Haki inanidai niseme kwamba Kanisa nchini halikuanza jana kuwajali watu wenye ulemavu. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Wakatoliki mwaka 1963. Ugumu huanza kijana anapomaliza shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia tatu ya watu wenye ulemavu, lakini katika mji ambao watu wengi hujiajiri kwa duka, cherehani au shamba, waajiri wa namna hiyo ni wachache. Neema Crafts imeiziba sehemu ya pengo hilo kwa kulipa mishahara, na mshahara una mambo ambayo mfuko wa sukari hauna: unakuja kila mwezi, unamwezesha mtu kupanga chumba, kulipa ada ya mtoto na kutoa sadaka yake mwenyewe Jumapili.

Kuhusu upande wa ng'ambo, wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), shirika la kimisionari la Kianglikana la Uingereza, wamefanya kazi katika kituo hiki. Ni shirika lilelile lililoanzishwa London mwaka 1799 na kumtuma mmisionari Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844. Kwa maoni yangu, kilichofanikiwa Iringa ni kwamba mgeni alikuja na ufundi uliokuwa mikononi mwake, akaukabidhi kwa watu ambao leo wanaweza kumfundisha mwingine. Makanisa yetu yenye marafiki ng'ambo huomba kwanza gari au bati. Sijasikia mtaa ulioandika barua kuomba fundi wa kufuma akae nasi miaka mitatu, na nadhani barua hiyo ingejibiwa.

Wateja wengi niliowakuta dukani walikuwa wageni kutoka nje ya nchi, baadhi yao wakiwa njiani kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wenyeji niliwaona zaidi mgahawani. Hili ni letu kulirekebisha, maana utalii una misimu yake, ilhali harusi, kipaimara na ubatizo havikosekani mwaka mzima katika sharika na parokia zetu, na kila sherehe ina kadi, zawadi na vitambaa ambavyo tayari tunavinunua mahali fulani. Anayepanga kwenda na afike mapema asubuhi, aombe kuzungushwa karakanani kabla ya kuingia dukani, na asiwe na haraka mezani.

Nimeiandikia kamati yetu pendekezo: nusu ya fungu la Krismasi imlipe mwalimu wa lugha ya alama kwa ajili ya wazee wa kanisa na walimu wa Shule ya Jumapili, na nusu iliyobaki iwe mtaji wa kuwafundisha kushona vijana wawili kati ya wale walio katika orodha yetu, kwa masharti kwamba mshono wao ukaguliwe kama wa fundi mwingine yeyote. Kikao ni Jumamosi. Nitakwenda na daftari la karatasi ya tembo, nilipitishe mkono kwa mkono kabla sijaanza kusoma taarifa.