Kibao kisichotangaza siri ya mteja: tathmini ya wabunifu wa nembo yetu

Ofisi yetu ya ushauri nasaha kwa familia, iliyopo Sinza, Dar es Salaam, ilihitaji utambulisho mpya kwa sababu watu wengi walidhani sisi ni baraza la usuluhishi la ndoa. Dhana hiyo haikuwa ya ajabu: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huwataka wanandoa, isipokuwa katika hali chache, wapitie baraza kabla ya kufungua shauri la talaka, na kibao chetu cha zamani kilikuwa na pete mbili na mizani. Kazi tuliwapa wabunifu wa michoro wa Kinondoni.

Walichonivutia nacho ni kusikiliza. Rasimu ya kwanza ilikuwa na baba, mama na watoto wawili chini ya paa, lakini dada wa mapokezi alipowaeleza kwamba huja pia bibi wanaolea wajukuu na kaka wanaolea wadogo zao, waliiondoa mezani bila ubishi. Wiki iliyofuata walileta mkeka: mistari mitatu ya ukili, kila mmoja na rangi yake, imeunganishwa kwa uzi unaoonekana wazi. Aliyewahi kumwona mama yake akishona mkeka anajua kwamba pale penye uzi ndipo panapofumuka na ndipo panaposhonwa upya, na hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Maneno nayo yalihitaji mjadala. Walipendekeza "Tunaokoa ndoa yako", tukakataa, kwa kuwa hatuwezi kuahidi hivyo, na wakati mwingine tunawasaidia wazazi waachane bila kumrarua mtoto. Tulikubaliana juu ya "Karibu tuketi". Kwenye kibao hakuna neno ndoa wala tatizo, hivyo anayeingia haitangazii mitaa yote yaliyomfikisha; kwangu mimi hilo lina thamani kuliko uzuri wa mchoro.

Dosari ilikuwa katika makabidhiano. Tulipewa picha za kutumia kwenye simu tu, zenye rangi za skrini, na kwa kuwa skrini hutoa rangi kwa mwanga ilhali mashine ya uchapaji huchanganya wino, kijani chetu kilitoka Kariakoo kikiwa kama maji ya matope. Kadi 500 hazikufaa. Mafaili halisi, yale yanayoweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuharibika, tuliyapata baada ya wiki tatu za kukumbushana. Isitoshe, uzi wa nembo hupotea kabisa kwenye kiduara cha WhatsApp, na hakuna aliyetushauri kuisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kama alama ya huduma, ambayo hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo kisha huhuishwa kwa miaka 10.

Nitawarudia kwa ajili ya vipeperushi vya wazazi, ila safari hii malipo ya mwisho yatatoka baada ya kupokea mafaili yote na karatasi moja ya majaribio kutoka kwa mchapaji.