Simu gani ununue 2012 kama shida yako ni intaneti: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Wadau habari zenu, haya yote ni hali ya mwaka 2012. Kila wiki lazima mtu aniulize anunue simu gani ya tachi, akishanunua anarudi tena, mbona neti haishiki. Naomba nijibu yote mawili hapahapa, maana simu unanunua mara moja ila bando unanunua kila siku, na simu inayosoma E muda wote, yaani ile neti ya zamani ya polepole (EDGE), itakutesa hata kama ulipewa kwa bei ya kutupa.

Kabla ya jina la simu angalia 3G, ile neti yenye kasi kuliko E. Mwaka huu wa 2012 3G ya mitandao yetu ya Tanzania inatumia masafa ya 2100 MHz, na kuna simu za mtumba kutoka Marekani zinazoshika 850 na 1900 tu. Mdogo wangu alichukua moja Kariakoo, kioo kikubwa, mziki safi, muuzaji kamuonyesha picha kwenye memori kadi basi akalipa. Kufika nyumbani Mbagala tunaweka laini, E. Tukafungua ukurasa wa gazeti, kile kimstari cha juu kikasogea mpaka robo kikaganda, tumekunywa chai tumemaliza bado kipo robo. Fundi akaichakachua ikakubali laini zote lakini E ikabaki palepale, kwasababu kufunguliwa mtandao ni kitu kimoja na masafa ni kitu kingine kabisa, redio ya ndani haibadiliki kwa setingi. Kwahiyo nenda dukani na laini yako yenye bando tayari, iweke, subiri itokee 3G au H (3G ya kasi zaidi) pale juu, fungua ukurasa wowote, ndo utoe hela. Akikwambia itashika ukifika nyumbani, usilipe.

Namba moja kwangu ni Samsung Galaxy Y. Android 2.3, prosesa ya 832 MHz, 3G yenye kasi mpaka 7.2 Mbps, Wi-Fi ipo. Kioo ni kidogo, inchi 3, na nafasi ya ndani ni finyu sana kwahiyo memori kadi ihesabu kwenye bajeti yako toka mwanzo. Ila kilichonifanya niiweke juu ni hotspot, unawasha kwenye simu laptop inapata neti, ile hela uliyotaka kununulia modemu inabaki mfukoni.

Kuiunganisha sasa, na hapa ndo wengi wanaliwa vocha. JIUNGE BANDO KWANZA, subiri meseji ya kuthibitisha, ndo uwashe data. Ukiwasha data una vocha tupu bila bando, simu yenyewe inaanza kuvuta barua pepe na masasisho kimyakimya na unakatwa kwa kila MB, salio linaisha hata hujafungua kitu. Baada ya hapo ingia setingi, upande wa mitandao ya simu, tafuta APN, lile jina la njia ambayo simu inapitia kuingia kwenye neti ya mtandao wako. Kama pako patupu tengeneza mpya, Voda na Airtel andika internet, Tigo andika tigoweb, sehemu ya jina la mtumiaji (username) na paswedi acha wazi. Ukimaliza usirudi nyuma hivihivi, bonyeza kile kitufe cha menyu kushoto chini uchague kuhifadhi, afu uiguse ile APN mpaka kale kaduara kawe na rangi. Nimeshika simu nyingi sana za watu zilizoshindikana na tatizo lilikuwa hako kaduara tu. Zima uwashe simu, tayari. Ukishapata neti pakua Opera Mini, inabana kurasa kwenye seva zao kabla hazijakufikia, bando la siku unaliona linafika jioni.

Namba mbili Huawei IDEOS, hii ndo ile wenzetu Kenya Safaricom waliwauzia chini ya shilingi 10,000 za kwao. Android 2.2, 3G kasi ileile ya 7.2 na hotspot nayo inayo, ila prosesa ni 528 MHz, ukifungua vitu vitatu kwa pamoja utaisubiri. Ukiletewa ya Kenya hakikisha haijafungwa mtandao mmoja, APN ya Safaricom ndani yake ni safaricom, jina saf, paswedi data, sasa ukiikuta hiyo usihangaike kuifuta, tengeneza yako pembeni. Kama hela haifiki Galaxy Y chukua hii bila wasiwasi.

Tatu Nokia E63. Ya 2008 najua, na 3G yake inaishia 384 kbps, lakini kibodi kamili na betri ya 1500 mAh. Kwa mtu anayeishi mkoani ambako mnara wenyewe unatoa E, mimi ningemwambia aipandishe namba moja, hizo 7.2 huko hatazitumia na umeme wa kuchaji kila jioni hana. WhatsApp kwa mwaka huu wa 2012 inakubali.

iPhone ya mtumba naiweka ya nne, sio ubaya wa simu, nyingi zinakuja zimefungwa na mtandao wa huko zilikotoka, na iPhone 4 inataka laini ndogo ya maikro, watu wanakata laini kwa mkasi wanagusa ile shaba, laini imekufa na namba ndo ya biashara. Nenda dukani kwa mtandao wako ubadilishiwe laini, namba inabaki ileile.

Mwisho BlackBerry Curve 8520. Haina 3G kabisa. Na BBM (zile meseji za BlackBerry kwa BlackBerry) na barua pepe zake kwa mwaka huu wa 2012 zinataka kifurushi cha BlackBerry chenyewe, bando la kawaida haliziamshi, kwahiyo ukiacha kulipia mwezi mmoja unabaki na kupiga, meseji na Wi-Fi ukiipata. Kama marafiki zako wote wako BBM na hicho kifurushi unakimudu kila mwezi, nunua, wengine wote nawaomba muiache.