Mashine ya kuoshea santuri: uanze na ya kufyonza au ya altrasoniki?

Ukitaka kununua mashine ya kuoshea santuri, uliza kwanza inakausha vipi. Uchafu ukiloweshwa kisha maji yakaachwa yakaukie hapo hapo, unarudi kutulia kwenye mifereji, na sindano itaukuta kule kule. Ndiyo maana naanza na mashine ya kizamani.

Namba moja: ya kufyonza. Okki Nokki na VPI HW-16.5 ni za aina hii. Santuri inazunguka, unaimwagia dawa ya kuoshea, unaisambaza kwa brashi, unaiacha dakika moja hivi, kisha mkono wa kufyonza unaondoka na maji pamoja na taka zake. Mara ya kwanza nilipomwaga tangi la taka, maji yalikuwa na rangi ya kutu, na santuri zenyewe nilikuwa nikiziona safi! Kelele yake ni ya kufagia nyumba kwa mashine, basi usioshe usiku wa manane. Ukinunua iliyotumika, kagua vipande vya mahameli kwenye mdomo wa mkono: vikichakaa au vikishika mchanga, vinakwaruza. Na santuri ikishakauka, zima. Ukizidi kufyonza unaipa umeme tuli, nayo itavuta vumbi upya.

Namba mbili: ya altrasoniki. Hii inatetemesha maji, nyingi mara 40,000 kwa sekunde, ile iitwayo Degritter mara 120,000. Vipovu vinavyozaliwa humo vinapasuka na kung'oa uchafu ambao unywele wa brashi haufiki. Kwa kina cha usafi inaishinda ya kufyonza, sibishi. Tatizo ni kwamba santuri ya kumi inaogea maji ya ile ya tisa. Tafuta yenye kichujio, ubadilishe maji mara kwa mara, na yawe maji yaliyokenekwa. Alama za vidole zina mafuta, hivyo tone la sabuni maalumu linahitajika. Joto la maji lisipite nyuzi 35, santuri isije ikapinda. HumminGuru ni ndogo na inakausha kwa feni, lakini feni haiondoi kilichobaki ndani ya maji. Mwenye uwezo aoshe kwa altrasoniki, amalizie kwa kufyonza.

Namba tatu: beseni la mkono, kama Spin-Clean. Halihitaji umeme. Kwa santuri hamsini linatosha kabisa, ukiwa na vitambaa safi na subira.

Ya mwisho: tangi la altrasoniki la kuoshea vito, lililofungwa mota ya kuzungusha santuri nyumbani. Ni rahisi, ila wengi humwaga alkoholi nyingi kwenye tangi linalopata moto, na mvuke wake unawaka. Mimi silitaki ndani ya nyumba.

Zile santuri nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, za shelaki (gundi asilia itokayo kwa wadudu), zisiguswe na alkoholi kwa mashine yoyote ile: inaziyeyusha.