Kombi inazimazima: uoshe kabureta au ununue mpya?
Kombi, ile Volkswagen ya zamani, ikizima kila ukiachia pedali ya mafuta, hapa Malindi hukosi mtu wa kukwambia ununue kabureta mpya, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mimi ningeanza kwa kuosha ile kabureta ya zamani, ya Solex. Fungua mfuniko wa juu. Ukikuta tope la rangi ya chai chini ya boya linaloelea ndani, mara nyingi hiyo ni kutu ya tangi, na hata mpya itaziba vilevile. Jeti, vile vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli, zipulize kwa upepo, usizichokoe kwa waya: tundu likipanuka, gari itabugia petroli. Badilisha pia chujio la petroli.

Mpya ina haki yake pale shafti ya kipepeo, kile kibao kinachofungua njia ya hewa, inapocheza ukiitikisa. Hapo hewa inapenya pembeni, na kuosha hakusaidii kitu. Ila zile za bei poa, mh! Kagua jeti zake kwanza.